Platon, mwanafunzi mwenye hakusahau mwalimu wake

Kila mwenye alifika mu ya sita ya sekondari kwetu alisikia jina la Platon. Mwalimu wa filozofia analiandika ku ubao, anaongeza habari ya pango na vivuli, na mwanafunzi anashika yote kwa kichwa juu ya Exetat. Mutihani ukipita, jina linabaki mu daftari. Mimi pia njo vile nilifanya. Nilipomurudilia kiisha miaka mingi, nilikuta mutu mwenye sikumujua mu ile daftari: kijana wa karibu miaka 28 mwenye aliona tribinali ya muji wake inamuhukumu mwalimu wake kufa, tena kwa kufuata sheria, mbele ya watu wote. Alibakiza miaka 50 ya kuishi. Ile miaka yote aliitumia akitafuta kuelewa namna gani jambo kama ile liliwezekana, na ni nini ingefaa kufanya ili lisirudilie.

Leo tunasimulia maisha yake. Ndugu musomaji ukumbuke kitu kimoja: miaka ya mbele ya Kristo inahesabiwa kwa kushuka. Mwaka wa 428 unatangulia mwaka wa 399.

Mutoto wa vita

Platon alizaliwa karibu na mwaka wa 428 mbele ya Kristo, mu jamaa kubwa ya Athene, muji wenye nguvu sana mu Ugiriki. Wakati ule Ugiriki haikukuwa inchi moja yenye prezida mumoja. Kila muji ulikuwa na sheria zake, jeshi lake na feza zake. Athene ilikuwa mu vita na Sparta tangu mwaka wa 431. Ugonjwa mubaya wa kuambukiza ulikuwa umepita mu muji na kuua watu wengi, hata Périclès, mukubwa mwenye alikuwa anaongoza mambo ya Athene, alikufa mu 429.

Baba yake, Ariston, alikufa Platon akiwa angali mutoto. Mama yake, Perictione, aliolewa tena na Pyrilampe, mwenye alikuwa rafiki ya Périclès. Platon alikuwa na wakubwa wawili, Adimante na Glaucon, na dada mumoja, Potone. Upande wa mama ulikuwa unajisifu kwamba uko na undugu na Solon, mwenye aliandikia Athene sheria zake za zamani. Watu wa zamani walisimulia kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Aristoclès, ya babu yake, na kwamba Platon ni jina la kupewa, sababu kwa Kigiriki linatokana na neno la upana, juu ya mabega yake mapana. Wanasayansi wengi wa leo hawaikubali ile hadisi, lakini inaendelea kutembea.

Kijana wa jamaa kama ile alikuwa anangojewa mu siasa. Athene ilikuwa na demokrasia, lakini si kama ya kuchagua wabunge. Raia wenyewe walikuwa wanakusanyika ku kilima, wanasikiliza wasemaji, kiisha wananyoosha mikono: vita ao amani, kodi ao hapana. Wanawake, wageni na watumwa hawakuwa na sauti pale. Mwenye kujua kusema vizuri njo alikuwa na nguvu. Kwa hiyo walimu fulani, wenye waliitwa wasofisti, walikuwa wanazunguka kutoka muji mumoja mupaka mwingine, wakifundisha vijana matajiri kusema vizuri, na walikuwa wanalipwa feza nyingi.

Platon hakujua amani mu utoto wake. Mu 415 Athene ilituma meli nyingi kwenda kushika kisiwa cha Sisilia. Mu 413 jeshi lote lilipotea kule. Mu 404, kisha muji kuzungukwa na watu kufa njaa, Athene ilijitoa. Sparta iliomba kuta zake zibomolewe. Platon alikuwa na karibu miaka 24.

Muzee wa miguu mitupu

Mu ile miaka ya vita Platon alifuata muzee mumoja, Socrate. Baba ya Socrate alikuwa muchonga mawe, mama yake alikuwa muzalishaji. Hakukuwa tajiri, hakukuwa na sura nzuri, alikuwa anatembea miguu mitupu hata mu baridi. Ku vita alipigana vizuri. Hakuandika kitabu hata kimoja, na hakuomba mutu amulipe.

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Alikuwa anakaa sokoni ao mahali vijana wanafanyia michezo, kiisha anashika mutu mwenye anajulikana. Kama ni mukubwa wa jeshi, anamuuliza ushujaa ni nini. Kama ni mutu wa dini, anamuuliza kumuheshimu Mungu ni nini. Ule anajibu mbio. Socrate anamushukuru, anauliza tena kidogo, na kiisha maulizo matano ao sita ule mukubwa anajikuta amesema kitu na kinyume yake. Vijana walikuwa wanacheka. Wakubwa hawakucheka. Socrate mwenyewe alikuwa anasema hajui. Tofauti yake na wengine ni kwamba yeye anajua kama hajui.

Hapa kuko kitu cha kushika. Socrate hakukuwa anapenda tu kushinda watu kwa maneno. Aliona kama mutu anatumia kila siku neno haki, neno wema, neno ushujaa, na hawezi kusema maana yake, basi huyo mutu anaweza kuua kwa jina la haki na hatajua kama anafanya ubaya. Haikupita wakati murefu, Athene ikamwonyesha hakukosea.

Ndugu ya mama mu serikali ya wauaji

Kiisha kushindwa, Sparta ilisaidia watu 30 kushika serikali mu Athene. Kati yao kulikuwa Critias, binamu ya mama ya Platon. Charmide, ndugu ya mama yake, naye alifanya kazi na wao. Wote wawili walikuwa wanajulikana kuwa walitembea na Socrate. Walimwita Platon aingie kazini pamoja nao.

Platon aliwaza kama wangetoa muji mu uovu na kuurudisha mu haki. Alingoja kwanza aone. Mu miezi yenye haikufika hata mwaka, serikali ya wale 30 iliua watu karibu 1500, ikawanyanganya wengi mali, ikafukuza wengine. Siku moja waliita Socrate na watu wengine wane, wakawaamuru kwenda kushika Léon wa Salamine, mutu mwenye hakuwa na kosa, ili auawe. Njia yao ilikuwa ile: kupakaa kila mutu damu, ili mutu asiweze kuwashitaki kesho. Wale wane walikwenda. Socrate alirudi kwake ku nyumba. Angeweza kuuawa juu ya ile, lakini serikali ilianguka mbele. Mu 403 Critias na Charmide walikufa mu mapigano, na demokrasia ikarudi.

Wenye walirudi kutoka uhamisho waliapa kwamba hawatalipiza kisasi kwa mambo ya wakati wa wale 30. Platon mwenyewe alikubali kwamba walijizuia sana. Kwa hiyo akaanza tena kupenda siasa. Njo pale jambo lilitokea.

Sauti 30 tu

Mu mwaka wa 399 watu watatu, Mélétos, Anytos na Lycon, walishitaki Socrate kwamba haheshimu miungu ya muji, analeta miungu mipya, na anaharibisha vijana. Anytos alikuwa mumoja wa wale wenye walirudisha demokrasia. Sheria ya kusamehe ilikataza kushitaki mutu juu ya mambo ya zamani, kwa hiyo jina la Critias halingeweza kuwa mu mashitaka. Lakini kila mutu alikuwa analijua.

Mu Athene hakukuwa juji wa kazi. Waamuzi karibu 500 walitolewa kwa kura kati ya raia wa miaka 30 na zaidi, na kesi yote ilimalizika siku moja. Mushitaki anasema, mushitakiwa anasema, kiisha kura. Platon alikuwa pale ndani. Ameandika kwamba kama sauti 30 tu zingehamia upande mwingine, Socrate angeachiliwa.

Sheria iliomba kila upande utoe wazo la azabu. Washitaki waliomba kifo. Socrate alisema kwanza kwamba yenye anastahili ni kulishwa na muji, sawa vile walikuwa wanalisha washindi wa michezo. Mwishoni alikubali kulipa mina 30, na Platon alikuwa mumoja wa wale wane wenye walijitolea kuwa mudamini wa ile feza. Waamuzi walichagua kifo.

Mauti ilikawia karibu mwezi, sababu meli ya dini ilikuwa imeenda ku kisiwa cha Délos, na mbele irudi muji haukuruhusiwa kuua mutu. Rafiki yake wa zamani, Criton, alitengeneza njia ya kumutorosha. Socrate alikataa. Aliona kwamba mutu mwenye aliishi miaka 70 mu muji na kukubali sheria zake hawezi kuzivunja siku zinamugeukia. Akakunywa sumu mbele ya marafiki zake. Platon hakukuwa kati yao. Mu kitabu chake mwenyewe, wakati anahesabu majina ya wenye walikuwa mu kile chumba, anasema tu kwamba yeye, ni kama alikuwa mugonjwa.

Mu vitabu vyake vyote Platon anajitaja mara chache sana: ku kesi, alikuwapo, ku kifo, hakukuwapo. Kwingine kote anajificha nyuma ya mwalimu wake.

Safari, na shamba la Académos

Kiisha kifo, Platon na wengine walikwenda kwanza ku Mégare, muji wa jirani. Watu wa zamani wanasema alifika pia ku Cyrène mu Afrika ya kaskazini na ku Misri. Yenye inajulikana vizuri ni kwamba karibu na miaka 40 alikwenda Italia ya kusini, akajuana na Archytas, mwenye alikuwa mujuzi wa hesabu na tena mukubwa wa muji wa Tarente, kiisha akavuka ku Syracuse, mu Sisilia. Kule Denys Mukubwa alikuwa anatawala peke yake kwa nguvu za askari wa kulipwa. Platon hakupatana naye. Hadisi moja ya zamani inasema Denys alifanya auzishwe kama mutumwa ku kisiwa cha Égine, na mutu wa Cyrène, Annicéris, akamukomboa. Lakini mu ile safari alipata rafiki: Dion, kijana wa karibu miaka 20, shemeji ya Denys, mwenye alipenda sana mafundisho yake.

Aliporudi Athene, karibu na mwaka wa 387, Platon alifungua masomo inje ya kuta za muji, mu bustani ya miti yenye iliitwa kwa jina la shujaa wa zamani, Académos. Watu wakazoea kuita masomo Académie. Ndugu musomaji, wakati univerisite zetu zinafungua mwaka wa akademia, ile neno inatoka mu ile bustani. Kule walisoma hesabu, jeometria, nyota, na zaidi ya yote, kuuliza na kujibu. Wanawake wawili, Axiothée na Lasthénie, wanatajwa kati ya wanafunzi, jambo lenye halikuwa la kawaida ku Athene. Mu 367 kijana wa miaka 17 alifika kutoka kaskazini na akabaki miaka 20: Aristote.

Wema unafundishwa?

Platon aliandika vitabu karibu 30, na karibu vyote viko kama mazungumzo. Socrate anauliza, wengine wanajibu. Mafikiri matatu yanarudi pale kila mara.

La kwanza ni wema. Wagiriki walikuwa na neno aretè. Kisu kiko na aretè yake, njo kukata vizuri. Farasi iko na yake, njo kukimbia vizuri. Mutu je? Mu kitabu chenye jina la Ménon, kijana tajiri anauliza Socrate kama wema unafundishwa. Socrate anamurudisha nyuma: mbele ya kujua kama unafundishwa, inaomba tujue ni nini. Ménon anajibu kwa kuhesabu: wema wa mwanaume ni kuongoza muji, wa mwanamuke ni kuongoza nyumba, wa mutoto ni hivi, wa muzee ni vile. Socrate anaona ameomba kitu kimoja na amepewa kundi la nyuki. Mutu mwenye kuuliza nyuki ni nini, usimuhesabie aina za nyuki.

Mu kile kitabu Socrate anaita mutumwa mumoja wa Ménon, kijana mwenye hakusoma hata siku moja, anamuchorea muraba ku udongo na anamuomba atafute wenye ukubwa mara mbili. Kijana anajibu kwanza: ongeza urefu mara mbili. Anaona anapata mara ine. Anajaribu tena, anakosa tena, anasema sasa hajui. Kisha, kwa maulizo tu, anafika ku mustari wenye kukata muraba kutoka kona mupaka kona, na anaona njo ule. Platon anataka kuonyesha kwamba akili iko mu kila mutu na inangojea kuulizwa vizuri. Lakini kijana ule, kiisha kuonyesha akili yake, alibaki mutumwa. Platon hakuandika kwamba utumwa uondolewe, na ile inaomba tuiseme pia.

Mu mazungumuzo yale Anytos, mushitaki wa kesho, anapita. Socrate anamuuliza sababu gani wakubwa wazuri wa Athene walishindwa kufundisha wema kwa watoto wao wenyewe. Anytos anakasirika, anamwambia aangalie mudomo wake, anaenda. Musomaji wa Athene alikuwa anajua mwisho wa ile hasira.

Haki ni ya mwenye nguvu?

Fikiri la pili ni haki. Kitabu chake kikubwa, Jamuhuri, kinaanza na mazungumuzo na muzee Céphale. Céphale anaona haki ni kusema kweli na kurudisha deni. Socrate anauliza: kama rafiki alikuachia silaha, kiisha akapata wazimu, akarudi kuiomba, utamurudishia? Mutoto wa Céphale anajaribu: haki ni kutendea rafiki muzuri na adui mubaya. Socrate anamuonyesha kwamba kumutendea mutu ubaya kunamufanya kuwa mubaya zaidi, na haki haiwezi kuwa kazi ya kutengeneza watu wabaya.

Hapo Thrasymaque anaingia na makelele. Yeye anasema tuache kudanganyana: haki ni faida ya mwenye nguvu. Mwenye kutawala anaandika sheria zenye zinamusaidia, kiisha anaziita haki. Mutu wa haki anapoteza kila mara, ku biashara, ku kodi, ku kazi ya serikali.

Platon hakumupuuza. Alijua Thrasymaque anasema mambo yenye watu wengi wanayaona kwa macho. Tena anaongeza ugumu: wakubwa wake wawili, Glaucon na Adimante, wanaingia mu mazungumuzo na kuomba Socrate aonyeshe kwamba haki ni nzuri hata kwa mutu mwenye anaonekana mubaya, anapigwa, anafungwa, anauawa, na hapati kitu. Ni wazi wanawaza nani. Kitabu chote, sehemu 10, ni jibu. Moyo wa mutu uko na sehemu tatu: akili, hasira ya ushujaa, na tamaa. Haki ni wakati kila sehemu inafanya kazi yake na akili inaongoza. Mwenye kushika serikali kwa tamaa, hata akae ku kiti cha zahabu, ndani yake ni mutumwa wa tamaa zake, naye haogopi watu wengine tu, anaogopa mupaka walinzi wake. Muji nao uko vile. Kwa hiyo aliandika kwamba mateso ya miji hayataisha mupaka wafilozofu wapate serikali, ao wenye serikali wasome filozofia kweli.

Dawa na chakula kitamu

Fikiri la tatu ni lugha, na hii inatugusa sisi wenye kazi yetu ni kusema ku redio. Mu kitabu chenye jina la Cratyle, watu wawili wanabishana. Mumoja anasema majina ni mapatano tu ya watu. Mwingine anasema kila kitu kiko na jina lake la kweli. Socrate anaona jina ni chombo, sawa chombo cha kufuma nguo: linatusaidia kutenga vitu na kufundishana. Lakini mwenye kutoa jina anaweza kukosea. Kwa hiyo usijifunze kitu kwa jina lake peke yake; tazama kitu chenyewe.

Mu kitabu kingine anafananisha musemaji mwenye kutafuta tu makofi na mupishi. Weka munganga na mupishi mbele ya watoto, uwaombe waamue nani anajua kinachofaa mwili. Munganga atakuja na dawa chungu, mupishi na vitamu. Munganga atakufa na njaa. Tena alikuwa na mashaka hata na vitabu: kitabu ukikiuliza, kinarudilia maneno yake yale yale, hakiwezi kujitetea. Aliandika ile mu kitabu, na njo sababu vitabu vyake vinauliza.

Syracuse ilimukatala

Mu 367 Denys Mukubwa alikufa. Mutoto wake, Denys Mudogo, akashika utawala. Dion akaandikia Platon aje: kijana anapenda masomo, wakati umefika wa kuunganisha serikali na filozofia. Platon alikuwa na miaka 60. Aliogopa. Lakini aliogopa zaidi kuonekana mbele ya macho yake mwenyewe kuwa mutu wa maneno tu. Akaenda.

Miezi michache, Denys Mudogo akamushuku Dion kwamba anataka kumupokonya kiti, akamufukuza. Platon akabaki kama mugeni mwenye hawezi kutoka. Kiisha wakati akarudi Athene. Mu 361, na miaka karibu 67, akaenda tena, juu Denys alimuahidi kumaliza vizuri maneno ya Dion. Denys hakutimiza, mali ya Dion ikauzishwa. Platon akajikuta anakaa kati ya askari wa kulipwa wenye hawakumupenda. Archytas alituma meli kutoka Tarente, njo ikamutoa mu 360.

Mu 357 Dion alirudi na silaha, akashika Syracuse. Lakini naye hakuleta amani. Aliacha mupinzani wake, Héraclide, auawe. Mu 354 yeye mwenyewe aliuawa na njama ya Callippe, mutu wa Athene mwenye alikuwa rafiki yake. Kumbe Platon alizika mara mbili: mwalimu mwenye aliuawa na demokrasia, na mwanafunzi mwenye aliuawa akishika kiti.

Sheria za muzee

Kitabu chake cha mwisho kinaitwa Sheria. Pale Socrate hayupo tena. Wazee watatu wanatembea ku kisiwa cha Krete na kutunga sheria za muji mupya. Platon hangojei tena mufilozofu mutawala. Anataka sheria ziwe juu ya watawala, na kila sheria itanguliwe na maelezo, ili raia aelewe mbele ya kutii, sawa munganga mwenye kuzungumuza na mugonjwa.

Lakini mu kile kitabu kuko pia sheria kali juu ya wenye kukana miungu: kifungo cha miaka mitano kidogo zaidi, na kifo kwa mwenye kurudilia. Mwanafunzi wa Socrate aliandika ile. Wengine wanasema uzee, wengine wanasema uchovu wa kuona miji inavunjika. Mimi naona inatufundisha kumusoma sawa vile Socrate angemusoma: kwa heshima, na kwa ulizo. Mutu anaweza kutafuta haki miaka 50 na angali na mahali hakuona.

Platon alikufa mu 348 ao 347, na miaka karibu 80. Académie ilibaki mu mikono ya Speusippe, mutoto wa dada yake Potone, na iliendelea kwa miaka zaidi ya 200. Mafundisho yake yaliendelea mu Athene, kwa njia mbalimbali, mupaka kaizari Justinien alipoyazuia mu mwaka wa 529 kiisha Kristo.

Wenye walimushitaki Socrate walitaka anyamaze. Kama Platon angeandika tu kwamba mwalimu wake alionewa, tungekuwa na hadisi moja zaidi ya huzuni. Yeye alimuacha aendelee kuuliza. Wanafunzi wa ya sita wenye kutusoma leo, mukifika ku jina la Platon mu daftari, musimalizie ku miaka na ku pango. Shikeni neno moja lenye munasikia kila siku, haki, amani, maendeleo, mulizeni mwenye kulisema maana yake, na musikubali awahesabie tu aina za nyuki.